Igor Sikorsky: fundi aliyeshindwa mara nyingi mbele helikopta haijaruka

Hapa kwetu Lweba, na kote Fizi na Baraka, helikopta si kitu kigeni. Miaka mingi tumeziona zikipita juu ya ziwa na kupanda kuelekea milimani, zaidi zile nyeupe za MONUSCO, mpaka kazi yake ilipoisha Kivu Kusini mwezi wa Juni 2024. Siku hizi kuna tena zile ndogo za kuchezea, za telekomande. Kijana ananunua, inaruka siku mbili, siku ya tatu imevunjika, anaitupa. Wandugu, mbele ya kuitupa yako, someni maisha ya mtu huyu.

Igor Sikorsky alizaliwa tarehe 25 Mei 1889 mjini Kyiv, ambao leo ni mji mkuu wa Ukraine. Wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa profesa, mama yake alisomea udaktari. Ni mama ndiye aliyemsimulia habari za Leonardo da Vinci, Mwitalia wa zamani aliyechora chombo cha kupanda angani kwa kuzunguka. Igor akiwa na miaka 12 hivi, akatengeneza helikopta ndogo ya kuchezea, inayozungushwa na mpira uliosokotwa. Ikapanda. Hakuwa na betri wala telekomande. Alikuwa na mpira na mikono yake tu, kama watoto wetu wanaotengeneza magari ya waya.

Mwaka 1909 dada yake Olga alimpa feza, akaenda Paris kununua motere ya nguvu za farasi 25. Wakubwa wa ndege kule wakamshauri aachane na helikopta, kwamba ni kupoteza wakati. Hakusikia. Akarudi Kyiv, akajenga chombo chenye mapanga mawili, moja juu ya lingine, yakizunguka kila moja upande wake. Kikakataa kupanda. Mwaka 1910 akajenga cha pili. Hiki kiliweza kujiinua chenyewe, lakini ukiweka mtu, hakuna. Motere ilikuwa nzito na nguvu yake kidogo. Basi akaiweka helikopta pembeni, akageukia ndege za kawaida.

Huko akafanikiwa. Siku moja motere yake ilizimika angani, na walipoangalia, ni mbu aliyeziba njia ya mafuta. Kutoka hapo akaona ndege kubwa isitegemee motere moja. Mwaka 1913 akarusha ndege ya motere nne, ya kwanza duniani ya namna hiyo.

Halafu mapinduzi ya 1917 yakaja. Sikorsky akakimbia nchi yake, akapita Ufaransa, na mwezi wa Machi 1919 akafika New York. Sisi watu wa mashariki tunajua maana ya kuacha nyumba, kazi na jina, na kuanza sifuri kwenye nchi ya wengine. Mtu aliyekuwa maarufu kwao akawa mwalimu wa hesabu kwa wakimbizi wenzake. Mwaka 1923 akaanzisha kampuni kwenye shamba la kuku, na wenzake wengi walikuwa wakimbizi kama yeye. Feza zilipokwisha, mwanamuziki Sergei Rachmaninoff, naye aliyetoka Urusi, aliwasaidia kwa dola 5000. Wakajenga ndege za kutua majini, na kampuni ikasimama.

Lakini ile helikopta haikutoka kichwani. Tarehe 14 Septemba 1939, akiwa na miaka 50, alikaa mwenyewe ndani ya VS-300, chombo kilichofungwa kamba kisiende mbali. Kikainuka kidogo tu, kwa muda mfupi sana, kikashuka. Mwezi wa Desemba upepo ukakipindua, kikavunjika. Wakakitengeneza. Wakabadilisha mapanga ya nyuma, wakajaribu tena. Tarehe 13 Mei 1940 kikaruka bila kamba. Mwaka 1941 kikakaa hewani zaidi ya saa moja na nusu.

Faida yake ilionekana haraka. Januari 1944 meli ya vita ililipuka karibu na New York, na helikopta yake ikapeleka dawa ya damu kwa majeruhi katika hali mbaya ya hewa. Novemba 1945 dhoruba ilikwamisha chombo cha mafuta kwenye miamba ya bahari, na watu wawili walikuwa ndani. Helikopta ikasimama juu yao, ikawavuta kwa kamba mmoja mmoja. Mvuvi yeyote wa Tanganyika aliyeshikwa na upepo usiku anaelewa kamba ile ina bei gani.

Sikorsky alikufa tarehe 26 Oktoba 1972 kwake Connecticut, Marekani, akiwa na miaka 83.

Sasa turudi kwa ile ndogo yako. Panga la juu likizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta unataka kugeuka upande wa pili. VS-300 ilizuia hilo kwa panga dogo la mkiani. Zile za mwaka 1909 na 1910 zilizuia kwa mapanga mawili yanayopingana. Kwa mwanafunzi, hii ya mapanga mawili ni tulivu zaidi, basi chagua hiyo. Uliza pia kama mapanga na betri za kubadilisha zinapatikana. Bila hizo, mwanguko wa kwanza unaweza kuwa wa mwisho.

Ikianguka, usikimbilie kusema motere imekufa. Zungusha kwa kidole. Angalia kama kijiti cha katikati kimepinda, kama meno ya gia yameliwa, kama uzi au nywele zimejisokota mle ndani. Panga moja likivunjika, badilisha pamoja na mwenzake, sababu uzito usipolingana chombo kitatetemeka. Betri ikivimba, usiichaji tena. Hata iliyo nzima, usiiache peke yake kwenye umeme wa jua ukaenda sokoni.

Jifunze ndani ya nyumba au asubuhi mapema, mbele upepo wa ziwa haujaamka. Anza chini, kimo cha goti. Sikorsky mwenyewe alianza chini kuliko hapo, na amefungwa kamba.