Mtoro bin Mwinyi Bakari: Msomi wa Bagamoyo aliyefunza Kiswahili Berlin akazuiwa kurejea kwao

WASOMI wa Kiswahili kutoka Afrika Mashariki wanaoalikwa kufundisha katika vyuo vikuu vya Ulaya wanafuata njia iliyopasuliwa zaidi ya karne moja iliyopita. Miongoni mwa walioipasua ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa pwani ambaye maisha yake yanaonyesha jinsi idara ya lugha inavyoweza kuithamini elimu ya mgeni na wakati uo huo kumdunisha mgeni mwenyewe.

Mtoro alizaliwa mwaka wa 1869 katika kijiji cha Dunda, karibu na Bagamoyo, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alisomea katika chuo cha Kurani mjini Bagamoyo, akabobea katika elimu ya dini na uandishi wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, hatimaye naye akawa mwalimu.

Enzi hizo Bagamoyo ulikuwa mji wa misafara. Wapagazi walishuka kutoka bara na vipusa vya pembe za ndovu, na wafanyabiashara wakapanda na nguo na shanga. Mtoro mwenyewe alisafiri bara akazifahamu nchi za Udoe na Uzigua. Wajerumani walipojiimarisha pwani baada ya vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, na hatimaye kuanzisha kodi ya vibanda, aliajiriwa kuikusanya. Hivyo aliujua utawala huo kutoka ndani.

Mwaka wa 1900 aliitwa Berlin. Huko kulikuwa na Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoasisiwa mwaka wa 1887 ikiwa tanzu ya chuo kikuu cha mji huo. Wanafunzi wake walijumuisha maafisa wa serikali, wanajeshi na wamishonari waliojiandaa kwenda katika makoloni. Kabla ya Mtoro, Sleman bin Said na baadaye Amur bin Nasur, wote kutoka Zanzibar, walikuwa wamepokewa huko kufundisha Kiswahili.

Mpangilio wa kazi ulikuwa bayana. Mwalimu wa Kijerumani alieleza kanuni za sarufi, ilhali mzawa wa lugha alishughulikia matamshi, mazungumzo na usomaji wa barua. Mkuu wa masomo ya Kiswahili wakati huo alikuwa Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali mjini Dar es Salaam. Ingawa wanafunzi walimhitaji Mtoro ili waijue lugha, cheo chake kilibaki chini ya kile cha walimu wenzake Wazungu.

Katika kipindi hicho ndipo zilipochapishwa kazi zilizoliweka jina lake katika historia. Mwaka wa 1901 Velten alitoa mkusanyiko wa habari za safari za Waswahili, na ndani yake mna simulizi la Mtoro. Mwaka wa 1903 kilifuata kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ilitokana na Mtoro. Kitabu hicho kinaeleza uzazi, malezi, jando na unyago, ndoa, maradhi, pepo, kilimo, utumwa, madeni, utawala wa majumbe na sheria. Hadi leo mtafiti wa maisha ya Mrima katika karne ya 19 hawezi kukipuuza.

Hata hivyo, jina lililotangulia katika jalada lilikuwa la Velten, mkusanyaji.

Mambo yalianza kwenda mrama mwaka wa 1904, Mtoro alipomwoa Bertha Hilske, mwanamke Mjerumani aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani. Kwa walioamini kwamba Mwafrika ni wa kutumwa, ndoa hiyo ilikuwa kero. Isitoshe, Mtoro hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Alidai heshima impasayo mwalimu. Mwaka wa 1905 kazi yake katika seminari ilifikia kikomo.

Mwaka huo wenzi hao walifunga safari kwenda Afrika Mashariki kwa nia ya kuanza maisha huko. Serikali ya koloni, chini ya Gavana von Götzen, haikuwaruhusu kuishi pamoja nchini. Watawala walihofia kwamba Mwafrika aliyemwoa Mzungu angeivunjia hadhi jamii ya watawala. Mtoro hakumwacha mkewe. Wakarudi wote Ujerumani, naye akaiona pwani aliyozaliwa ikibaki nyuma.

Kisa chake hakikuwa cha pekee. Mwaka uo huo ndoa za aina hiyo zilipigwa marufuku katika koloni la Kijerumani la Afrika Kusini-Magharibi, na mwaka uliofuata katika Afrika Mashariki. Mtoro aliziandikia mamlaka za Ujerumani akidai haki zake, lakini hakurejeshewa nafasi aliyoipoteza.

Kuanzia mwaka wa 1909 alipata kazi katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg, akimsaidia Carl Meinhof, mtaalamu mashuhuri wa lugha za Kibantu. Hapo pia alikuwa msaidizi wa lugha, wala si mhadhiri kamili. Alifanya kazi hiyo hadi mwaka wa 1913. Baadaye alijikimu kwa kutoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki mbele ya hadhira za Wajerumani. Aliaga dunia mjini Berlin mwaka wa 1927.

Haki ilimfikia akiwa kaburini. Mwaka wa 1981 ilichapishwa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Desturi, iliyofanywa na J.W.T. Allen, na safari hii jina la Mtoro likawekwa wazi katika anwani. Mwaka wa 2009 mtafiti Ludger Wimmelbücker alichapisha kitabu kizima kuhusu maisha yake.

Wahenga walituachia methali kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Wenyeji wa Mtoro walimkabidhi jembe siku ya kwanza, akalima, wakavuna. Walichomnyima ni kiti sawa na chao na jina juu ya mavuno. Kwa idara yoyote ya lugha inayomwalika msomi wa mbali, swali si tiketi ya ndege na chumba cha kulala pekee. Ni nani atakayetambuliwa kuwa mwandishi wa kazi aliyoifanya, na kama familia yake itapokewa pamoja naye. Mtoro aliyalipia majibu ya maswali hayo kwa kuikosa nchi yake hadi kufa.