Mganga Adrien Atiman wa Karema

Wasomaji wetu wakaao Kigoma na Ujiji wamezoea kuona misaada ikiletwa kwa watu waliopatwa na shida, kama wale wakimbizi wa Kongo walioanza kupokewa Nyarugusu mwaka 1996. Basi leo twapenda kuwaeleza habari za mtu ambaye kwanza alisaidiwa, kisha akawa yeye mwenyewe msaada kwa wengine pwani ya Ziwa Tanganyika muda wa miaka 67. Hakuwa wa kanisa letu, alikuwa Mkatoliki. Lakini mambo yake yatufaa sote.

Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu. Alipokuwa mtoto alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa, akapelekwa kuvuka jangwa la Sahara mpaka nchi ya Algeria. Huko, mwaka 1876, mapadre wa shirika la White Fathers wakamkomboa kwa fedha.

Mtoto huyo angaliweza kupewa chakula na nguo, mambo yakaishia hapo. Lakini wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kardinali Lavigerie, mkuu wa shirika lile, aliona ya kuwa Waafrika waliokombolewa wafundishwe uganga, warudi kuwaponya Waafrika wenzao. Kwa hiyo mwaka 1881 Atiman alipelekwa kisiwa cha Malta, akasoma uganga hata mwaka 1888. Hilo ndilo lililokuwa jembe lake.

Mwaka ule ule akasafiri kwenda Unguja, akapanda bara kwa miguu pamoja na msafara, akafika Karema mwaka 1889. Karema iko upande wa mashariki wa Ziwa, kusini ya Ujiji. Wabelgiji walijenga boma hapo mwaka 1879, nao mapadre wakalipokea mwaka 1885. Zamani zile nchi haikuwa na amani. Rumaliza wa Ujiji alikuwa na nguvu nyingi Ziwani, na vijiji vingi viliharibiwa kwa sababu ya watumwa na pembe. Watu walikimbilia misheni wakiwa hawana shamba wala ndugu, na Atiman aliyajua mateso yao, maana yalikuwa yake mwenyewe.

Akawatibu wenye vidonda, wenye homa na wenye ndui. Tena mwanzo wa karne ya 20 malale yaliingia pwani ya Ziwa, yakaua watu wengi sana. Tufikiri kidogo juu ya maradhi haya. Zamani zile ndui ikiisha kumshika mtu haikuwa na dawa, bali ilizuiwa kwa kuchanja mapema. Na malale huletwa na mbung'o wakaao vichakani karibu na maji, hata watu hawana budi kufyeka mahali wachotapo maji na wapandapo mitumbwi. Mambo hayo mganga apitaye njia hawezi kuyatimiza. Yataka mtu akaaye, ajuaye lugha, ambaye wenyeji wamemwamini hata wakubali kuchanjwa kabla hawajaugua.

Atiman alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakudharau dawa za miti za wenyeji, bali alijifunza zilizo na faida, akazitumia pamoja na dawa za Ulaya. Alioa huko huko, na mwanawe Joseph akawa padre. Serikali ya Wadachi ilikuja ikaondoka, ya Waingereza ikafuata, naye alikuwa yupo Karema. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilipigwa chapa katika gazeti la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka 1956, naye ni mzee wa miaka 90 hivi.

Ndugu wasomaji, wale waliomkomboa hawakujua ya kuwa fedha yao itawaponya watu wa Ziwa ambalo mtoto yule hajapata kulisikia. Njaa ya leo haina budi kushibishwa leo, wala hatusemi mwenye njaa angoje mafundisho. Lakini tutoapo sadaka zetu kwa ajili ya wakimbizi na maskini, tukumbuke pia kumtafutia mtu jembe lake. Unga huliwa ukaisha. Mganga mmoja aliyefundishwa alidumu miaka 67.