Westinghouse na Breki Isiyongoja Dereva

George Westinghouse alizaliwa mwaka 1846 katika jimbo la New York, Marekani, mwana wa mtengenezaji wa mashine za kilimo. Chuoni alikaa miezi michache tu. Karakana ya babake ndiyo iliyomfunza.

Enzi hizo, dereva wa gari la moshi alipotaka kusimama alipiga honi, nao wahudumu wakakimbia kutoka behewa moja hadi jingine wakikaza breki kwa mikono. Siku moja kijana huyo alikuta magari mawili ya mizigo yamegongana mchana kweupe. Madereva walikuwa wameonana, ila muda wa kusimama haukutosha.

Mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 22, aliandikisha uvumbuzi wake: breki iliyosukumwa na hewa kwa mpigo mmoja katika mabehewa yote. Hata hivyo, ilikuwa na dosari. Mpira wa hewa ukipasuka, breki zote hupotea. Mwaka 1872 akaugeuza mpango wenyewe. Sasa hewa iliyojaa katika bomba ndiyo iliyozuia breki zisikaze; bomba likivuja au mabehewa yakikatika, breki hujifunga zenyewe.

Je, dunia iliipokea mara moja? La hasha! Kampuni nyingi za reli zililalamikia gharama. Mwezi wa Juni 1889, huko Armagh, Ireland, gari lililojaa wanafunzi wa shule ya Jumapili na wazazi wao lilikwama mlimani. Mabehewa ya nyuma yalipofunguliwa, yaliteremka na kugonga gari jingine. Breki zake hazikuwa za kujifunga. Mabehewa yalikuwa ya mbao, na milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Watu wapatao 80 waliangamia, watoto wakiwamo. Mwaka huo huo, Bunge la Uingereza likalazimisha breki za kujifunga kwa magari ya abiria, miaka 17 baada ya dawa kupatikana. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1893.

Westinghouse alifariki mwaka 1914. Lakini mwaka 2002, huko Msagali, Tanzania, gari la abiria lilirudi nyuma mlimani, likagonga la mizigo. Watu zaidi ya 200 wakafa.

Walimu na wanafunzi, funzo ni hili: uvumbuzi bila sheria ni pambo, na sheria bila ukaguzi ni karatasi. Kinga ni bora kuliko tiba. Tusingoje makaburi ndiyo yatukumbushe.