Dakta Krapf na Kaburi la Nyali

Sisi wa Ziwa la Ng'ombe hupita Kengeleni kila mara, wengine kwa miguu, wengine wakining'inia kwenye matatu, lakini wachache hujiuliza ile kengele ilitokana na nini. Mimi pia sikujua. Kumbe habari yenyewe inaanza na msiba wa jamaa moja ya Kijerumani.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, Württemberg. Baba yake alikuwa mkulima. Zama hizo Waprotestanti wengi wa kwao walikuwa wakifunga virago na kuhamia Urusi na Marekani, wakitafuta mashamba na uhuru wa dini. Krapf naye alihama, ila hakufuata shamba. Alisomea umisheni mjini Basel, Uswisi, akajiunga na chama cha wamisheni wa Kiingereza, CMS, na mwaka 1837 akaenda Ethiopia. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa safarini, akafa papo hapo njiani.

Walipozuiwa Ethiopia walishuka pwani yetu. Mwaka 1844 walifika Unguja, Seyyid Said akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, ndipo wakaja Mombasa. Julai mwaka huohuo homa ikawaangusha. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu. Mama akafa, mtoto akamfuata. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, wapita njia walione kaburi na kukumbuka kilichomleta. Akazikwa upande wa Nyali, na kaburi lipo hadi leo.

Hapa ndipo ninaposhangaa. Mtu mgonjwa, amebaki peke yake ugenini, angepanda jahazi arudi kwao, nani angemlaumu? Krapf aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi lile ni dalili ya kazi kuanza, akabaki.

Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, wa Württemberg pia, wakaanzisha misheni Rabai. Mwaka 1848 Rebmann aliuona Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, aliuona Mlima Kenya. Mabingwa fulani wa Ulaya wakawacheka, ati theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta! Baadaye walinyamaza wenyewe.

Waliobatizwa wakati wake walikuwa wachache mno. Faida kubwa tuliipata sisi wa Kiswahili. Alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1850, akapeleka Ujerumani miswada ya tenzi zetu za kale, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882. Lakini hakufanya peke yake. Kadhi mmoja wa Mombasa, Mwislamu, alimsaidia kufasiri kitabu cha Mwanzo. Dini zao zilikuwa mbali, lugha ikawakalisha pamoja.

Maradhi yalimrudisha Ulaya mwaka 1853. Alifia Kornthal tarehe 26 Novemba 1881. Mji huo ulianzishwa mwaka 1819 na Waprotestanti wa Württemberg ili wenzao wasizidi kuhama. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kabla hajafa, mwaka 1875, CMS ilianzisha Frere Town, si mbali na kaburi lile, makao ya watu waliookolewa utumwani. Ile kengele ni yao, na baadhi ya wajukuu wao tungali majirani nao.

Basi wanachama wenzangu, siku mkifika Nyali lione kaburi lile. Mkumbukeni mama aliyekaa kwetu miezi michache tu akiwa hai, na miaka yote hii akiwa udongoni. Na mkifungua kamusi, mkumbukeni pia yule kadhi.