Laura Ingalls Wilder: mutoto wa gari la farasi aliyeandika akiwa muzee

Wengi wamekwisha kuona ku televizyo ao kusikia habari ya La petite maison dans la prairie, filamu ya Marekani yenye ilitoka kuanzia 1974 mupaka 1983. Wachache njo wanajua kama ule mutoto mwenye misuko miwili alikuwa mutu wa kweli. Jina lake ni Laura Ingalls Wilder. Alikomalia njiani, akaanza kutosha vitabu akiwa na miaka 65, na vitabu hivyo viliacha ulizo moja lenye halijaisha: udongo ule ulikuwa wa nani?

Kuzaliwa mu pori

Laura alizaliwa tarehe 7 mwezi wa pili 1867, mu nyumba ya miti karibu na Pepin, jimbo la Wisconsin. Baba yake, Charles Ingalls, alikuwa mulimaji, muwindaji na seremala, tena mangaribi alikuwa anapigia watoto violoni. Mama yake, Caroline, alikuwa mwalimu mbele ya kuolewa. Mukubwa wa Laura ni Mary. Nyuma yake walizaliwa Carrie, Freddie na Grace, lakini Freddie alikufa mu 1876 akiwa na miezi tisa tu.

Ile wakati serikali ya Marekani ilikuwa inasukuma raia kwenda magaribi. Sheria ya 1862 ilisema kama mutu akikaa ku shamba miaka tano na kulilima, anaweza kupata ekari 160, ni kusema hektari karibu 65. Basi jamaa zilipakia sufuria, unga, bunduki na watoto mu gari la mbao lenye kufunikwa na bashe nyeupe, farasi ao ngombe wakakokota, na safari ikaanza. Mito mingi haikuwa na daraja.

Kansas, udongo wa Waosage

Mu 1869 jamaa ya Ingalls ilifika Kansas, karibu na muji wa Independence. Lakini udongo ule haukuwa wa kugawa bado. Kwa mapatano na serikali, ulikuwa wa Waosage, wenyeji wa pale. Charles alijenga nyumba ndani ya udongo wa watu, sawa vile Wazungu wengine wengi walifanya, wakingojea siku wenyeji wataondoshwa. Wageni walikata miti na kulima kama kwao. Kisha sheria ya 1870 ikamaliza mambo: Waosage walihamishwa kusini, kwenye leo kunaitwa Oklahoma.

Kule Kansas jamaa yote ilianguka na malaria. Majirani walikuwa wanawaza kama ni matikiti yenye kuleta ugonjwa. Habari ya kama ni mbu njo anaambukiza malaria ilihakikishwa paka mu 1897. Aliyewatunza ni muganga mweusi, Dokta George Tann. Mu 1871 jamaa ilirudia Wisconsin, maana mutu mwenye aliuziwa nyumba yao ya zamani alishindwa kulipa.

Nzige, deni na giza

Mu 1874 walihama tena, mara hii Minnesota, karibu na Walnut Grove. Kwanza walikaa mu nyumba ya kuchimbwa ndani ya kilima, pembeni ya kijito Plum Creek. Ngano ilikuwa nzuri, deni ingelipwa. Halafu nzige ikafika, ikakula kila jani, ikataga mayai, na mwaka wenye kufuata mavuno yakapotea tena. Charles aliacha bibi na watoto, akatembea kwa miguu kwenda mashariki kutafuta kazi ya kuvuna mashamba ya wengine.

Kisha ikakuja miaka yenye Laura hakupenda kutia mu vitabu. Freddie alikufa. Mu muji wa Burr Oak, jimbo la Iowa, wazazi walitumika mu hoteli. Deni ikawashinda, na jamaa ikaondoka usiku ili mwenye nyumba asiwashike.

Mu 1879 Mary, akiwa na miaka 14, aligonjwa sana na macho yakafa. Kuanzia hapo Laura alikuwa anamuelezea dada yake kila kitu: rangi ya mbingu, nguo za watu, vile gari linapita. Wengi wanaona kama ile kazi ya kila siku njo ilimufundisha kuandika.

Mwaka ule ule walienda Dakota, kwenye Charles alipata kazi ku njia ya treni. Mu kipindi cha baridi cha 1880-1881, teluji ilifunga reli miezi mingi, na muji mupya wa De Smet ukabaki bila chakula. Watu walisaga ngano mu mashini ndogo ya kahawa, wakasokota nyasi kavu juu ya kuwasha moto. Vijana wawili, Almanzo Wilder na Cap Garland, waliingia mu ile baridi kutafuta ngano mbali, na wakarudia nayo.

Laura alianza kufundisha akiwa kijana bado. Mu 1885, akiwa na miaka 18, aliolewa na yule Almanzo. Mutoto wao Rose alizaliwa mu 1886. Nyuma yake mabaya yalifuatana: mu 1888 ugonjwa wa koo ulishika wazazi wawili, na Almanzo akabaki mwenye kuchechemea. Mu 1889 mutoto wao mwanaume alikufa akiwa muchanga, nyumba ikaungua, na ukame ukamaliza shamba. Mu 1894 wakapakia gari tena, wakaenda Mansfield, jimbo la Missouri. Huko wakakaa mupaka kufa.

Kreyo na makaye

Kuanzia 1911 Laura aliandika mu gazeti la walimaji habari za kuku, shamba na nyumba. Mu 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, na akiba yao ikapotea. Rose, aliyekuwa mwandishi mwenye kujulikana, alimusukuma kuandika maisha yake. Laura akaandika na kreyo mu makaye ya masomo. Wachapishaji walikataa kile kitabu cha kwanza. Kilitoka paka mu 1930 na kitu? Hapana: kiliandikwa 1930, kikachapishwa mu 1934? Hapana tena: watu walingoja mupaka 2014. Lakini sehemu yake iligeuzwa kuwa kitabu cha watoto, na mu 1932 kikatoka. Mupaka 1943 vilikuwa vitabu munane.

Karatasi zao zinaonyesha kama Rose alisahihisha na kupanga upya mambo mengi, na mara nyingi mama na mutoto hawakusikilizana. Tena si kila kitu ni vile kilipita. Kansas, Laura alikuwa na miaka mbili mupaka ine. Mu kitabu ni mutoto mukubwa mwenye kukumbuka yote. Ni masimulizi ya wazazi njo alitumia.

Ulizo la udongo

Mu 1952 musomaji mumoja aliandikia wachapishaji. Kitabu cha Kansas kilikuwa kinasema kule hakukuwa watu, kulikuwa wenyeji tu, sawa vile wenyeji si watu. Laura alikubali kama alikosea, na neno likabadilishwa. Lakini mambo mengine ya kuzarau Waosage yalibaki, na mu 2018 shirika la maktaba za Marekani liliondoa jina lake ku zawadi ya vitabu vya watoto. Vitabu vyenyewe havikukatazwa.

Laura alikufa tarehe 10 mwezi wa pili 1957, siku tatu kisha kutimiza miaka 90. Kaburi lake liko Mansfield, pamoja na bwana yake na Rose. Waosage nao wako: serikali yao iko Pawhuska, Oklahoma, kusini ya ule udongo wa Kansas. Mutoto wa gari la farasi hakuchagua kwenda pale, na njaa yake ilikuwa ya kweli. Lakini nyumba ya baba yake ilisimama ku udongo wa wengine, na mwenye kusomea watoto vitabu vyake anafaa kuwaambia yote mbili.