Imamu Ghazali na Hesabu ya Nafsi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana kila uchao na maneno nafsi, wasiwasi na ilhamu, aghalabu pasi na kukumbuka kwamba yaliwahi kuwa istilahi za elimu ya moyo kabla ya kuvuka bahari na kutufikia. Mmoja wa waliozichambua istilahi hizo kwa kina ni Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, na alifanya hivyo baada ya kujichambua yeye mwenyewe.

Alizaliwa yapata mwaka 1058 mjini Tus, kaskazini mashariki mwa nchi ambayo leo ni Iran. Baba yake alifariki mapema, naye pamoja na nduguye Ahmad wakalelewa na rafiki wa marehemu aliyekuwa msufii. Urithi wao mdogo ulipokwisha, mlezi huyo aliwashauri wajiunge na madrasa, ambako mwanafunzi alipata angalau chakula. Inasimuliwa kwamba siku moja alipokuwa safarini wanyang'anyi waliuteka msafara wao, naye akamfuata mkuu wao akimsihi amrudishie daftari zake za masomo. Jambazi yule alicheka, akimshangaa mtu anayejidai ana elimu ilhali elimu yenyewe inaweza kuibwa ndani ya mkoba. Ghazali alirudishiwa daftari, akatumia miaka mitatu kuzihifadhi zote kichwani.

Alisoma Nishapur kwa Imamu al-Juwayni hadi mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085. Mwaka 1091 waziri wa dola ya Waseljuki, Nizam al-Mulk, akamkabidhi uprofesa wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Hakuwa ametimiza miaka 35. Wanafunzi 300 walihudhuria darsa zake, watawala walimtaka ushauri, na kitabu chake cha kuwakosoa wanafalsafa kikamzidishia umaarufu.

Ndani, mambo yalikuwa mengine. Awali alikuwa ameshapitia kipindi cha takriban miezi miwili ambapo aliitilia shaka hata milango ya fahamu: jicho huiona nyota ikiwa ndogo kama sarafu, kumbe hesabu za wanajimu zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Sasa, mwaka 1095, shaka haikuhusu tena elimu bali nia. Alijiuliza anafundisha kwa ajili ya nani, akagundua kwamba kilichomsukuma ni jaha na sifa. Kwa muda wa miezi sita akawa kama mtu avutwaye na kamba mbili. Asubuhi aliazimia kuondoka, jioni azma ikayeyuka. Kisha ulimi ukafungika. Alisimama mbele ya wanafunzi asiweze kutamka neno, na chakula kikakataa kushuka. Matabibu walikata tamaa, wakisema chanzo cha maradhi kimo moyoni.

Akatangaza kwamba anakwenda Makka, huku amekusudia kwenda Shamu. Aligawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha wanawe, akaondoka. (Wako wataalamu wanaoshuku kwamba alikimbia siasa, kwani Nizam al-Mulk alikuwa ameuawa mwaka 1092 na dola ilikuwa imeyumba. Huenda hofu ilikuwepo. Ila hofu ya siasa pekee haitoshi kueleza miaka iliyofuata.) Mjini Damascus alikuwa akipanda mnara wa Msikiti wa Bani Umayya, akajifungia mchana kutwa. Alizuru Jerusalem, na penye kaburi la Nabii Ibrahimu huko Hebron akaweka nadhiri ya kutopokea fedha za watawala wala kuhudhuria mabaraza yao.

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihya Ulum al-Din, yenye vitabu 40, ambayo masharifu wa Hadhramaut waliipenda mno na kuipokeza hadi pwani yetu. Humo moyo anaufananisha na hodhi. Mito mitano, yaani milango ya fahamu, huweza kulijaza. Lakini mtu akiizuia na kuchimba chini, maji safi zaidi yatabubujika kutoka ndani. Hiyo ndiyo ilhamu. Hata hivyo, si kila kinachobubujika ni safi. Fikra iitayo kwenye heri hutoka kwa malaika, na iitayo kwenye shari ni wasiwasi wa shetani, ambaye hodari wake ni kuivika shari vazi la heri. Mfano autoao ni wa mwanachuoni anayeshawishika kuwahubiria watu kwa huruma, kumbe anatafuta kusifiwa. Msomaji hawezi kukosa kumwona hapo mwalimu wa Baghdad. Dawa yake ni akili kuihesabu nafsi kila siku, kama tajiri amhesabuvyo mshirika wake: mtaji, faida, hasara.

Si wote walioridhika. Mwaka 1109 Ihya ilichomwa moto mjini Cordoba kwa amri ya watawala wa Murabitun.

Mwaka 1106 alikubali kurudi kufundisha katika madrasa ya serikali, Nishapur. Je, nadhiri ilivunjika? Yeye alieleza kwamba zamani alifundisha elimu iletayo jaha, na sasa anafundisha elimu ya kuiacha. Hakudumu sana huko. Alirudi Tus kwa wanafunzi wachache.

Alfajiri ya Jumatatu moja ya Desemba 1111, kwa masimulizi ya nduguye Ahmad, alitawadha, akasali, akaomba sanda yake. Aliibusu, akaiweka machoni, akanyosha miguu kuelekea kibla. Jua lilichomoza akiwa amekwisha fariki.