Noeli za Fransisko Ksaveri mbali na nyumbani



Tumo katika siku za Majilio, na najua hesabu zimeshaanza kichwani mwako: nauli ya kwenda kijijini, nguo za watoto, mchele wa pilau. Labda wewe ni mwanakwaya au kijana wa VIWAWA, na mwaka huu mmepanga kuvuka mpaka mkaimbe na kuhubiri Noeli katika parokia ya nchi jirani. Wengine wamefurahi, wengine wananung'unika chini kwa chini: kwa nini sikukuu kubwa kama hii niile kwa watu nisiowajua?

Kila tarehe 3 Desemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Fransisko Ksaveri, msimamizi wa misioni. Leo nataka nikusimulie habari zake kwa kufuata sikukuu alizokula ugenini. Moja wapo aliila hapa kwetu, katika pwani ya Afrika Mashariki.

Fransisko alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Ksaveri, nchi ya Navarra, ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Alikuwa mtoto wa watu wenye jina. Mwaka 1525 alikwenda kusoma Paris, akiwa na ndoto za kuwa mtu mkubwa. Huko chuoni alikaa chumba kimoja na Petro Faber, na baadaye akaongezeka mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko wao, aliyechechemea kwa jeraha la vita. Huyo alikuwa Inyasi wa Loyola. Fransisko hakumpenda mara moja. Ilichukua miaka mpaka moyo wake ukalainika. Tarehe 15 Agosti 1534, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, marafiki saba walipanda kilima cha Montmartre wakaweka nadhiri pamoja. Hapo ndipo ilipoota mbegu ya Shirika la Yesu, ambao sisi tunawaita Wajesuiti.

Sasa angalia jinsi Mungu anavyotuma watu. Mfalme Yohane wa Tatu wa Ureno aliomba mapadre wa kwenda Uhindi. Fransisko hakuwa amechaguliwa. Aliyepangwa aliugua, na Inyasi akamgeukia Fransisko. Hakuwa na muda wa kujiandaa, akaondoka Roma Machi 1540. Tarehe 7 Aprili 1541, siku alipotimiza miaka 35, meli yake iling'oa nanga Lisbon. Hakurudi Ulaya tena.

Meli zile tano zilichelewa pepo za kuwavusha hadi Uhindi, ikabidi wasubiri katika kisiwa cha Msumbiji, karibu miezi sita, tangu Agosti. Joto na homa viliwaangusha watu, na wapatao 80 walifariki. Fransisko na wenzake wawili walihamia kwa wagonjwa: waliwaosha, waliwalisha, waliwaungamisha, waliwazika. Naye mwenyewe aliugua. Hivyo ndivyo alivyosherehekea Noeli ya mwaka 1541, ya kwanza tangu aiache Ulaya. Usifikirie pango lililopambwa wala kwaya yenye sare. Siku ya mwaka mpya 1542 aliwaandikia wenzake wa Roma kutoka kisiwani hapo. Aliwakumbuka sana. Baadaye, akiwa mbali zaidi katika visiwa vya Maluku, alikata majina yao kutoka kwenye barua walizomwandikia, akayavaa kifuani. Kwa hiyo usidhani watakatifu hawana upweke. Wanao, ila hawaufanyi kuwa sababu ya kurudi nyuma.

Kutoka Msumbiji aliwaacha wenzake na wagonjwa, akatangulia kwa meli iliyopita Malindi. Alikaa siku chache tu. Alimzika pale mtu mmoja aliyefia melini, na Waislamu wa mji walipendezwa na namna maiti yule alivyositiriwa. Mmoja wao, mtu mwenye heshima, alimfungulia Fransisko moyo wake. Alisikitika kwamba mji una misikiti 17, lakini inayohudhuriwa ni mitatu tu, tena na watu wachache. Akamwuliza kama kwa Wakristo nako ibada imepoa hivyo.

Fransisko alimjibu kwa ukali, kama walivyojibu wengi wa zama zake. Mimi kama padre sioni haja ya kulificha hilo. Mtakatifu naye ni mtu wa wakati wake, na alisafiri katika meli za utawala uliofanya mabaya mengi katika pwani hii. Kanisa, kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, limetufundisha kuwaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja. Lakini swali la mzee yule wa Malindi linaniumiza hadi leo, kwa sababu limetugeukia. Siku ya Noeli kanisa hujaa mpaka watu wanasimama nje. Je, Jumapili inayofuata wako wapi? Mgeni akituuliza sisi, tutajibu nini?

Fransisko alifika Goa tarehe 6 Mei 1542. Kwa miaka saba alizunguka kusini mwa Uhindi, Malaka na Maluku, akifundisha watoto sala kwa lugha zao, jambo lililomtoa jasho kweli kweli. Kisha tarehe 15 Agosti 1549, tena sikukuu ya Kupalizwa, alishuka Kagoshima, Japani.

Noeli ya mwaka 1550 ilimkuta njiani. Siku chache kabla ya sikukuu aliondoka mji wa Yamaguchi kwenda Kyoto, akitaka kumwomba mfalme mkuu wa Japani ruhusa ya kuhubiri. Pamoja naye walikuwepo bruda Juan Fernández na kijana Mjapani aliyebatizwa Bernardo. Walisafiri wakati wa theluji, wakiwa wamevaa duni, wakilala popote walipopokelewa. Walipofika Kyoto waliukuta mji umeharibiwa na vita. Hakuna aliyewafungulia mlango wa mfalme. Baada ya siku kama kumi na moja walirudi mikono mitupu.

Hebu fikiri, msomaji wangu: sikukuu nzima imeliwa barabarani katika baridi, na mwisho wake ni kushindwa. Wewe ungesema nini? Fransisko alijifunza. Aliporudi Yamaguchi alivaa mavazi ya heshima, akabeba zawadi zilizokuwa zimekusudiwa mfalme, akaenda kwa mtawala wa pale kwa adabu ya nchi ile. Akapewa ruhusa na nyumba. Katika miezi iliyofuata walibatizwa watu takribani 500.

Nikiri jambo langu. Noeli yangu ya kwanza kama padre nilipangiwa kigango cha mbali. Nilikuwa nimeshaahidi nyumbani kwamba nitaadhimisha Misa kwa mama yangu. Nilikwenda huku nimenuna. Mvua ilinyesha, gari likanasa kwenye tope, nikafika saa nane mchana. Niliwakuta watu wote wamekaa. Katekista alikuwa amewaongoza kwa rozari na nyimbo tangu asubuhi, na watoto walikuwa hawajala, kwa sababu mama zao walitaka wapokee kwanza baraka. Niliona haya. Mimi nilihesabu nilichokikosa, wao walikuwa wakihesabu saa za kumngoja Bwana. Siku ile ndiyo nilianza kumwelewa Fransisko Ksaveri.

Mwaka 1552 alitamani kuingia China, nchi iliyofungwa kwa wageni. Alifika kisiwa cha Shangchuan, akaiona China ng'ambo ya maji, akangoja mashua ya kumvusha. Haikuja. Akashikwa na homa, na tarehe 3 Desemba akafariki katika kibanda, akiwa na umri wa miaka 46. Aliyekuwa naye ni Antonio, kijana Mkristo wa Kichina. Noeli ya mwaka ule hakuiona.

Lakini sikiliza. Wiki tatu baadaye, kule Yamaguchi, padre Cosme de Torres aliyeachwa na Fransisko aliwakusanya Wakristo wapya, wakakesha na kuimba Misa ya Noeli, inayokumbukwa hadi leo kuwa Noeli ya kwanza kuadhimishwa hivyo katika nchi ya Japani. Habari za kifo cha baba yao zilikuwa hazijawafikia. Katika mji ule ule alioutoka kwenye theluji miaka miwili kabla, Mtoto Yesu alipata mahali pa kulazwa.

Mpendwa, inawezekana mwaka huu utakula sikukuu ugenini, kwa utume, kwa kazi, au kando ya kitanda cha mgonjwa hospitalini. Usiione imepotea. Na kama utabaki nyumbani, kabla ya tarehe 25 mtafute mmoja ambaye Noeli yake itakuwa kama ile ya kisiwa cha Msumbiji: mgonjwa, mfungwa, mgeni asiye na ndugu hapa mjini. Nenda kwake hata kwa saa moja. Kisha Jumapili inayofuata, rudi kanisani. Yule mzee wa Malindi bado anangoja jibu letu.

Nakutakia Majilio mema.